Utetezi wa Chileab Smith: Ardhi na Jina

Mwaka 1774 Chileab Smith, mkulima wa Ashfield katika koloni la Massachusetts, alitoa kijitabu cha kuwajibu watu waliowasingizia Wabaptisti wa mji huo. Wanahistoria wa uhuru wa dini hukitumia kama ushahidi tu. Yafaa kipimwe pia kama maandishi, kwa kuwa uzuri wake na kasoro yake vyatokana na jambo moja: mwandishi hakuitenga nyumba yake na kanisa lake.

Kisa chenyewe ni hiki. Smith alihamia huko katika miaka ya 1750, wakati mahali hapo palipokuwa ukingoni mwa makazi ya Waingereza. Na vita vya Waingereza na Wafaransa vilipozuka, nyumba yake ilizungushiwa boma. Ibada zilianzia nyumbani kwake, na mwaka 1761 mwanawe Ebenezer akawekwa wakfu kuwa mchungaji. Baadaye Wakongregesheni walileta mchungaji wao, na sheria ya mwaka 1768 ikawalazimisha Wabaptisti nao kulipa kodi ya kumtunza. Walipokataa, ekari 398 za ardhi yao zilinadiwa mwaka 1770, makaburi yao yakiwamo. Mwaka 1771 Mfalme George wa Tatu na Baraza lake wakaitangua sheria hiyo.

Hapa ndipo lizukapo swali la mhakiki. Ikiwa sheria ilikwisha tanguliwa, mbona Smith aliandika miaka mitatu baadaye? Jibu limo katika jina la kijitabu, ambalo lataja masingizio kwanza, kisha mateso. Amri ya mfalme huweza kurudisha shamba. Haiwezi kurudisha jina jema. Kazi hiyo ya pili ilibaki kwa kalamu, na aliyeishika ni baba, wala si mchungaji mwenyewe.

Na tumlinganishe na Isaac Backus, mchungaji Mbaptisti ambaye mwaka 1773 alichapisha rufani yake kwa umma juu ya uhuru wa dini. Backus ajenga kanuni: serikali haina mamlaka juu ya dhamiri. Ukiiondoa Ashfield, hoja yake yasimama. Ukiiondoa nyumba ya Smith, kijitabu chaanguka. Lakini huo si udhaifu mtupu. Kanuni humshawishi msomaji. Kaburi la jamaa lililouzwa kwa ajili ya mshahara wa mhubiri wa watu wengine humfanya aone dhuluma yenyewe.

Hata hivyo, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mzazi amteteapo mwanawe si shahidi asiye na upande, na kila neno lake lastahili kupimwa kwa mizani hiyo. Tena, haki ya ardhi anayoidai yaanzia kwenye hati ya koloni, iliyowagawia ardhi warithi wa askari waliokwenda kupigana Kanada mwaka 1690, katika nchi iliyokuwa ya Wapocumtuck. Mnyang'anywa wa mwaka 1770 alikuwa amesimama juu ya unyang'anyi wa kale zaidi.

Kodi ya kanisa katika Massachusetts ilikoma mwaka 1833, na hoja ya Backus ikatimizwa. Kijitabu cha Smith hakikutunga kanuni yo yote. Thamani yake ni kuonyesha gharama ambayo nyumba moja ililipa kabla kanuni haijakubaliwa.