Eneokazi la Kiswahili halikukwamishwa na msamiati

Mtu wa Ngujini, juu huko kwenye milima ya Upare, akiwashiwa kompyuta kuukuu yenye Linux anaweza kuchagua Kiswahili katika mipangilio ya GNOME, eneokazi lake, na bado akakutana na menyu zenye viraka vya Kiingereza. Wengi hukimbilia kusema lugha yetu haina maneno ya kazi hiyo. Ushahidi unawakana. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice: kuandika barua, kukokotoa hesabu, kuandaa slaidi, vyote kwa Kiswahili. Ili kufika hapo, faharasa ya istilahi ilibidi itungwe kwanza, na ikatungwa. Maneno, basi, yapo kwa zaidi ya miaka 20 sasa.

Kinachokwamisha kinaonekana ukifungua faili la tafsiri la GNOME au la KDE, eneokazi jingine la Linux. Ndani mna jozi jozi: msgid hubeba sentensi ya Kiingereza kama ilivyo kwenye programu, msgstr hubeba ya Kiswahili. Mtunzi wa programu akigusa Kiingereza chake, hata kwa kuongeza nukta tatu mwishoni, jozi ile hupigwa alama ya fuzzy, na kwa kawaida programu inapoandaliwa jozi zenye alama hiyo huachwa nje. Mtumiaji anaonyeshwa Kiingereza. Hakuna aliyefuta Kiswahili. Kimo humo humo kwenye faili, kinasubiri mtu akikague. GNOME hutoa toleo kila baada ya miezi 6, na maneno hufungwa wiki chache tu kabla ili watafsiri wapate nafasi. Lugha huhesabiwa kuwa imekamilika vya kutosha ikifikisha asilimia 80. Kazi ya namna hii inafanana na ndiva za Upareni, mabwawa ya asili ya umwagiliaji, ambazo kuchimbwa ni mara moja lakini tope huja kila msimu, na bila msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji, maji hayafiki shambani. Wafadhili hupenda kuchimba. Uzinduzi una picha na hotuba, kuzibua hakuna.

Yupo atakayeuliza faida iko wapi, ikiwa sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza na watu wamehamia kwenye simu. Hoja ya sekondari ina uzito, lakini shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, na ofisi ya kijiji huandika mihtasari yake kwa Kiswahili. Kuhusu simu, Kiswahili chake hudumu kwa sababu kampuni inalipa watu wa kukitunza, na siku ikiona hakuna faida, wewe huna la kufanya. Faili la GNOME unaweza kulifungua mwenyewe.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, GNOME ndipo pagumu zaidi pa kuanzia. Eneokazi la Xfce linafaa zaidi: ni jepesi kwa mashine kuukuu, na halina papara. Toleo 4.12 lilitoka 2015, 4.14 likaja 2019. Watu wawili au watatu wenye subira wanaweza kumaliza paneli, mipangilio na Thunar, kitunza mafaili chake, kabla jozi hazijaanza kuchacha. KDE ingoje.