Wanaosikiliza Ardhi ya Goma

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo, karibu na mji wa Goma mashariki mwa Kongo, ililipuka. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini chini kwa chini magma iliendelea kujipenyeza kuelekea Ziwa Kivu, ikipasua miamba. Goma ikatetemeka siku kadhaa, usiku na mchana. Tarehe 27 wakazi wengi waliamriwa kuhama.

Wachunguzi wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, waliokuwa wamekaa miezi bila intaneti kwa kukosa fedha, hawakuacha kazi. Kila tetemeko liliandikwa: saa, mahali, kina, maana kina kikipungua huenda magma inapanda. Nyufa za barabarani zilipimwa kwa tepu, zikapimwa tena. Betri za vituo vya upimaji vya mlimani zilibebwa mgongoni, na paneli za jua zilipoibwa, safari ilianza upya.