Purple Rain: Je, Wimbo Unatosha Kuomba Radhi?

Filamu ya Purple Rain (1984), iliyoongozwa na Albert Magnoli, inasimulia maisha ya mwanamuziki kijana wa Minneapolis, Marekani, anayeitwa The Kid. Prince ndiye anayemwigiza. Usiku anapiga muziki katika klabu ya First Avenue. Nyumbani baba yake anampiga mama yake.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kijana anachukia ukatili wa baba yake, lakini naye anampiga mpenzi wake Apollonia. Hata katika bendi hasikilizi wenzake: Wendy na Lisa wanampa muziki walioutunga, anaudharau. Baba anapojipiga risasi ndipo kijana anapozinduka. Anaupiga muziki ule jukwaani na kutangaza kwamba ni wao walioutunga.

Kwa Wendy na Lisa, haki imetendeka. Kwa Apollonia, sivyo. Filamu inataka tumsamehe kijana kwa sababu ameimba vizuri. Muziki wake ulistahili kabisa tuzo ya Oscar ulioipata, lakini makofi ya ukumbini hayafuti kofi alilopigwa mwanamke.