Pambana na Suala la Mwandishi Asiyetajwa
Gazeti la siri la Pambana, lililotolewa na Vuguvugu la Desemba 12 mnamo Mei 1982, halikutaja jina la mwandishi. Mhakiki huenda akaiona hali hiyo kuwa pengo la kuzibwa kwa utafiti. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Kutojitaja huko si kasoro ya matini bali ni sehemu ya fani yake: nafsi ya wingi inayozungumza humo ni ya yeyote aliyeisoma kwa siri na kumpitishia mwenzake. Majina ndiyo waliyotakiwa kuyataja, kwa mateso, washukiwa wa Mwakenya katika Jumba la Nyayo, Nairobi, mwaka 1986. Uhakiki unaoyasaka majina hayo bila kujihoji huirithi kazi ya mpelelezi.