Ruta pepe ao swichi pepe? Swali lenyewe limekaa vibaya



Kila mwanafunzi wa informatiki anayetaka kujenga klaudi ndogo anauliza vile vile: "Nichukue ruta pepe ao swichi pepe?" Hata mimi, wakati wa TFE yangu, niliuliza hivyo. Nikachagua ruta, sababu niliona iko na akili zaidi. Nilikuwa na seva tatu. Ruta nikaiweka yote kwenye moja ya katikati. Siku ya kutetea, profesa mmoja akaniuliza: "Na ile ya katikati ikizimika?" Nikanyamaza. Hapa kwetu, namna umeme unakatika, lile halikuwa swali la mtego.

Baadaye nikasoma habari ya Neutron, sehemu ya OpenStack inayoshughulika na mtandao. Nikakuta shida yangu iko mule.

Kwanza tuelewane. Swichi pepe, mfano Open vSwitch, ni programu inayounganisha mashine pepe za lupango moja: inaangalia anwani ya MAC na kupitisha ujumbe. Ruta pepe njo mlango wa lupango: inaangalia anwani ya IP na kupeleka ujumbe lupango ingine. Moja haifanye kazi ya mwenzake. Ni kusema, kitu cha kuchagua siyo ruta ao swichi. Ni mahali ruta itakaa.

Pale njo ninalaumu mpango wa zamani wa Neutron. Ruta ilikaa kwenye seva ya mtandao, peke yake. Mashine pepe mbili zikiwa ndani ya seva moja, lakini kila moja na mtandao wake, ujumbe ulitoka, ukaenda mpaka ile seva ya katikati, kisha ukarudi pale pale. Ni kama kuomba chumvi kwa jirani wa ukuta mmoja, halafu unapita kwanza kwenye ofisi ya komini!

Mwaka 2014, toleo la Juno likaleta dawa mbili. Ya kwanza ni ruta iliyogawanywa: kila seva inabeba kipande chake, majirani wanaongea bila kupita katikati. Ya pili ni ruta ya akiba: moja ikizimika, ingine inashika kazi. Kazi nzuri, nasema wazi. Lakini ile iliyogawanywa haikumaliza yote: mashine isiyo na anwani yake ya nje iliendelea kupita katikati ili ifike kwenye intaneti. Tena, vipande vingi ni mahali pengi pa kutafuta kosa usiku.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Uko na mtandao mmoja tu? Swichi pepe inatosha, na ruta ya kawaida ya nje ifanye kazi ya mlango. Uko na mitandao kadhaa, seva tatu ao nne? Weka ruta ya akiba. Ujumbe ni mwingi sana kati ya mitandao yako? Hapo gawanya ruta.

Kabla ya kuchora kitu, fuata ujumbe kwa kidole: unapita wapi, na nini kinakufa seva moja ikizimika? Mimi nilijifunza hilo nimesimama mbele ya watu, jasho linanitoka. Wewe jifunze umekaa.

Na kwako, ruta inakaa wapi?