Kontena si Dampo: Uhakiki wa Tafsiri ya Mkataba Mmoja

Tumeletewa tafsiri ya mkataba wa kurasa mbili, uliotungwa kwa Kiingereza na kampuni moja ya Marekani, ukafasiriwa kwa Kiswahili kwa manufaa ya wenye nyumba waliotoka Kongo na kupokelewa nchini humo kama wakimbizi. Mkataba unahusu kukodi chombo kikubwa cha chuma, ambacho huwekwa mbele ya nyumba wakati paa linapoezuliwa ili liezekwe upya. Huenda msomaji akauliza, jambo hilo la ugenini latuhusu nini? Latuhusu kwa sababu Kiswahili ni chetu sote, na mwenye kutia sahihi hulipa kwa mujibu wa maneno aliyoyatilia sahihi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Nyumba nyingi za Marekani huezekwa kwa vigae vyembamba vilivyotiwa lami. Vikichakaa, mafundi huvibandua na kuvitupa katika chombo hicho. Kisha gari maalumu hukipandisha mgongoni, likaenda kupimwa kwenye mizani na kumwaga mzigo. Bei ya kukodi hujumuisha siku kadhaa na kiasi maalumu cha uzito. Uzito ukizidi, mteja hutozwa zaidi kwa kila tani.

Kosa la kwanza liko katika jina la chombo. Mfasiri amekiita "dampo". Neno hili limekwisha kuzoeleka kwa maana ya mahali pa kumwaga taka, wala si chombo cha kuzichukulia. Matokeo yake ni kwamba mteja anaelezwa kuwa anakodi dampo, na mistari michache baadaye anaelezwa kuwa dampo lake litapelekwa dampo! Kiingereza chenyewe kililipata jina la chombo hiki kwa njia ya biashara: katika miaka ya 1930 kampuni ya Dempster Brothers ya Knoxville, Tennessee, ilianza kuuza mfumo wa makontena ulioitwa Dempster-Dumpster, na sehemu ya jina hilo ikageuka kuwa neno la kila siku. Sisi hatulazimiki kurithi jina la biashara. "Pipa" ni dogo mno, na "jaa" ni mahali. Tunapendekeza "kontena la vifusi", kwani kifusi ndicho hasa kinachotoka katika nyumba inayobomolewa au kuezuliwa.

Kosa la pili ni la vipimo. Mfasiri ameandika "yadi 20" bila ya kueleza ni yadi za namna gani. Msomaji ataelewa urefu, yaani futi 60, na kudhani kwamba uwanja wake hautoshi. Hali kontena hilo huwa na urefu wa futi 22 hivi. Hizo yadi 20 ni za ujazo, sawa na meta za ujazo 15 na ushei. Hapana budi neno "ujazo" liandikwe kila mara. Hali kadhalika, "tani" ya Marekani ni ratili 2,000, yaani kilo 907, si kilo 1,000. Anayeruhusiwa tani tatu anaruhusiwa kilo 2,721 tu, na akihesabu kwa tani aliyoizoea atazidisha karibu kilo 280 bila ya kujua.

Neno "mraba" nalo limeachwa lielee. Mafundi wa Marekani huhesabu paa kwa kipimo chao cha futi za mraba 100. Kusema "paa la miraba 20" hakumwelezi mtu kitu. Tunaonelea afadhali kipimo hicho kiitwe "skwea", na maana yake ielezwe mara moja mwanzoni mwa mkataba. Hapo mteja ataweza kujifanyia hesabu: skwea moja ya vigae vya kawaida ikiwa na ratili 250, skwea 20 zina ratili 5,000, yaani tani mbili na nusu za Kimarekani. Paa likiwa na matabaka mawili ya vigae, mzigo ni tani tano. Hesabu hii ndiyo inayoamua fedha, na tafsiri hii imeifunika.

Kosa la tatu ndilo zito kupita yote. Kukodi ni kutoa fedha ili utumie kitu cha mwenzio. Kukodisha ni kumpa mwenzio kitu chako akitumie kwa fedha. Mfasiri amemwita mteja "mkodishaji", kisha akaandika kuwa mkodishaji atalipia uzito uliozidi na uharibifu wa njia ya gari. Kwa Kiswahili sanifu, mzigo huo umeiangukia kampuni! Haifai kumcheka mfasiri, maana kosa hilo hilo tunakutana nalo katika barua na mikataba ya ofisi zetu, za magari, kumbi na mitambo. Ikiwa "mkodi" na "mkodishaji" yanakaribiana mno, basi iandikwe "mteja" na "kampuni", na ubishi utakwisha.

Haki itendeke pia kwa mema ya tafsiri hii. Agizo la kwamba mzigo usipite ukingo wa kontena limeandikwa kwa ufupi na kwa lugha safi, wala halina utata wowote. Lakini kwa nini mfasiri yuyo huyo akaandika "kuondoa paa"? Anayeondoa paa huondoa na kenchi. Anayebandua vigae na kuacha kenchi anaezua. Kuezeka, kuezua, kenchi, kifusi: maneno haya yalikuwapo vinywani mwa mafundi wetu kabla ya mkataba kuandikwa. Mfasiri aliyatafuta katika kurasa za Kiingereza, na huko hayakuwapo.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi watuletee maoni juu ya istilahi tulizozipendekeza, pamoja na maneno yanayotumiwa na mafundi wa kuezeka katika sehemu zao.