Mguu Unaokunjika Kotekote

Nimemwona! Leo asubuhi, hapahapa Kiwanja, mashariki mwa Kongo, nyuma ya migomba, kwenye mkalitusi uliosheheni viota vya kwera. Mikono bado inatetemeka.

Mwanzoni nilidhani ni majeruhi. Kipanga mkubwa wa kijivu, mabawa mapana, kichwa kidogo kama cha kuku, ananing'inia kichwa chini huku mabawa yakipigapiga kama shuka iliyoanikwa siku ya upepo. Mguu mmoja umeshika tawi. Wa pili umezama ndani ya tundu la shina, na pale katikati umekunjika kinyume kabisa! Maskini, nikasema, amevunjika. Nikainua darubini. Mguu ukatoka, ukapinda mbele, ukaingia tena, ukapinda nyuma, kisha ukaelekea pembeni. Haukuwa umevunjika hata kidogo. Ulikuwa kazini!

Mkia mweusi wenye ukanda mmoja mpana mweupe ndio ulionitoa shaka: Polyboroides typus, jina alilopewa na Andrew Smith mwaka 1829. Kwa Kifaransa tunamwita gymnogène.

Sasa huo mguu, maana ndio habari yenyewe. Kile tunachokiita goti la ndege si goti. Goti lenyewe limefichwa juu, chini ya manyoya. Kinachoonekana ni kifundo cha mguu, sawa na changu na chako. Kwa tai na vipanga wengine wengi kifundo hicho hukunjika upande mmoja tu, kama bawaba ya mlango. Cha huyu huenda mbele, hurudi nyuma, na huyumba kidogo kando. Riziki yake imejificha, ndiyo sababu: makinda ya kwera ndani ya viota vya kuning'inia, mijusi na popo ndani ya matundu ya miti. Ni kama mkono unaopenya dirishani, ukapinda kona, ukafikia komeo kwa ndani. Na nyayo zake ni ndogo ukilinganisha na urefu wa mguu, basi hakuna tundu linalomkwamisha.

Na uso! Hauna manyoya, ni ngozi tupu ya njano. Kwera walipomvamia kwa makelele, ukageuka mwekundu mbele ya macho yangu. Nilipiga kelele peke yangu shambani.

Huko Amerika ya Kati na Kusini yuko Geranospiza caerulescens, kipanga asiye ndugu yake wa karibu, naye ana mguu wa namna hiyohiyo. Mwaka 1978 P. J. K. Burton aliandika katika jarida la Ibis kuhusu kifundo hicho kwa ndege wa pande zote mbili. Bahari nzima katikati yao, na kazi moja imewapa mguu mmoja!

Mbio hana, ukitaka mbio, mtafute kozi. Huyu huelea polepole, hukagua mti mmoja baada ya mwingine, na Afrika Magharibi hula hata matunda ya michikichi. Virunga, hifadhi iliyo jirani nasi, iliyoundwa mwaka 1925, inasifika kwa sokwe wa milimani. Kipanga huyu hahitaji hifadhi, anatosheka na mkalitusi wa jirani.

Alivuta kinda moja, akalimeza, akaondoka taratibu kuelekea Mto Rutshuru. Viota kadhaa bado havijaguswa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa chini ya mti ule.